Ijumaa Isiguswe

Kila aliyekuja kwa Bahgat Wahdan kutaka kufundishwa alimwambia neno lilelile siku ya kwanza. Daktari wa meno alilisema akiwa bado kavaa koti lake jeupe. Mwalimu wa Kifaransa alilisema kwa haya, macho chini. Muhandisi Lutfi alilisema huku anatafuta ufunguo wa gari mifukoni, kama mtu anayekumbusha jambo dogo tu.

"Kapteni, niandikie unavyotaka. Niambie nilale saa ngapi, nile nini, niogelee wapi. Ila Ijumaa usiiguse."

Makocha wote wa Iskanderia huitwa Kapteni, na Bahgat aliitwa hivyo pia, ingawa mkewe Inas alipenda kumkumbusha kwamba hana hata boti. Kapteni huyu alikuwa akiitikia kwa kichwa, anarudi nyumbani Sidi Bishr, anakaa mezani na kumwandikia mtu huyo mpango wake peke yake, mpango uliokatwa kwa kipimo cha mwili mmoja kama suti ya harusi. Na ndani ya mpango huo aliigusa Ijumaa. Aliigusa kila wiki. Aliandika: baiskeli polepole, kiasi cha kuweza kuongea. Au aliandika: pumzika. Na kila wiki, Ijumaa adhuhuri, watu wakitoka msikitini, simu yake ilianza kulia. Takwimu za saa zao za mkononi zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, na moyo wa kila mmoja ulikuwa umepiga kama wa mwizi anayekimbizwa na mbwa.

Sababu ilikuwa kreti.

Kreti lenyewe lilikuwa la soda, jekundu, limepasuka pembe moja, na lilikaa chini ya mkokoteni wa Ami Khalaf, muuza ful, maharage ya kuchemshwa, kule Abu Qir. Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, waendesha baiskeli walikusanyika kwenye daraja la Stanley, wakaifuata pwani hadi Montaza, wakapita Maamura, wakaishika barabara ya Rashid mpaka kituo cha mafuta, wakageuza, wakaja kula ful. Aliyefika wa mwisho alikalia kreti. Akiwa pale alimenya vitunguu vya watu wote, alimimina chai, na yeyote aliruhusiwa kumsema atakavyo hadi birika liishe. Aliyekalia kreti hakuruhusiwa kujibu. Desturi hiyo iliwekwa na Haji Gabir, fundi vioo, enzi ambazo waliopanda baiskeli barabarani walikuwa wabeba mikate peke yao, na mtu mzima mwenye kaptura alionekana ametoroka hospitali.

Kwa hiyo polepole haikuwepo. Hadi Maamura watu walikuwa wanacheka na kuulizana hali za wazazi. Baada ya hapo mazungumzo yanakatika, kila mmoja anatazama miguu ya jirani yake, na wanaume wenye shinikizo la damu, wenye migongo mibovu, wenye watoto wa kusomesha, wanakimbia kufa na kupona ili wasimenye kitunguu. Jumamosi wamechoka, Jumapili mpango umeharibika, na ikifika Alhamisi wanampigia Bahgat simu kumuuliza kwa nini hawaendi mbele.

"Waachie hiyo Ijumaa yao," Inas alimwambia mara nyingi. "Waandikie siku sita."

"Siku sita ni za mtu mmoja mmoja," alijibu. "Ijumaa ni ya kundi la mbuzi. Nitawafundishaje?"

Ukali huu ulikuwa na mwanzo wake. Bahgat alipokuwa kijana aliogelea katika kikosi cha kocha mmoja aliyekuwa na filimbi. Filimbi ikilia, wote waliruka majini. Ikilia tena, wote waligeuza. Mrefu na mfupi, aliyelala na aliyekesha akimuuguza mama yake, wote umbali uleule, kasi ileile. Aliyelalamika maumivu aliitwa mvivu mbele ya wenzake. Bahgat hakulalamika. Leo hii mkono wake wa kushoto haufiki kwenye rafu ya juu ya jikoni. Baadaye akiwa chuo cha elimu ya viungo, akasoma kwamba mabega hayafanani, kwamba moyo mmoja hupona kwa siku na mwingine kwa wiki, na kwamba mambo haya yalikuwa yanajulikana tangu kabla hajazaliwa. Alifunga kitabu akatoka nje kutembea, maana alihisi anaweza kumpiga mtu. Kumbe vitabu vilikuwepo. Kumbe mwenye filimbi alikuwa amekataa tu kuwatazama mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo aliamini jambo moja: kumtazama mtu peke yake ni haki ya mtu huyo. Asubuhi alifundisha michezo katika shule ya serikali. Jioni aliandika mipango. Na kati ya wote aliowaandikia, mmoja alimfanya aamini kwamba hakupoteza maisha yake.

Huyo alikuwa Rawya, binti wa Haji Gabir mwenyewe.

Alikuwa anasomea ufamasia, msichana mwembamba mwenye vidole virefu vya miguu na ulimi mkali, na alikuwa na kipaji ambacho Bahgat hakuwahi kukiona kwa karibu. Majini alipita kama amepakwa mafuta. Kwenye baiskeli alikuwa na nguvu za baba yake. Kukimbia ndiko kulikomtesa, kwa sababu msimu wa kiangazi alichanika shavu la mguu wa kulia akijaribu kuwafuata wanaume wa Ijumaa. Kipindi chote cha baridi, bahari ikipiga ukuta wa Corniche, barabara ya pwani, na kurusha mawe juu yake, Bahgat alimrudisha mguu ule kwa subira ya mtu anayeshona jeraha. Alimtembeza. Kisha kutembea na kukimbia. Kisha kukimbia kwenye mchanga mgumu wa Mandara. Alijua Rawya analala vizuri usiku upi na vibaya usiku upi, anatoka jasho la chumvi kiasi gani, na wiki ipi ya mwezi asimzidishie mazoezi.

Sasa mchujo wa timu ya taifa ya michezo mitatu ulikuwa umefika, kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, na wasichana wawili wangechaguliwa kwenda Tunis. Ungefanyika Ismailia. Shirikisho, kwa akili zake, lilikuwa limechagua Jumatatu ya Shamm an-Nasim, siku ambayo Misri nzima inahamia kwenye majani na samaki wa chumvi. Ijumaa iliyotangulia, kwenye mpango wa Rawya, Bahgat aliandika neno moja: pumzika.

Haji Gabir akapiga simu. Bahgat akaenda kumwona karakanani.

"Haji, binti yako Jumatatu ana mchujo."

"Najua. Nimemzaa mimi."

"Ijumaa asiendeshe."

Haji aliweka chini kalamu ya kukatia vioo. Nyuma yake Bahgat alijiona mara nne katika vioo vilivyoegemezwa ukutani, na mara zote nne alionekana mdogo. "Kapteni, Ijumaa watu wanakuja kumuaga. Mama yake anaoka mikate ya fitiri. Khalaf kaahidi chungu cha pili. Nimwambie nani asije?"

"Waje wote. Na yeye aje kwa gari, akae mezani, aagwe, arudi kulala."

"Kwa gari." Haji alilirudia neno kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Binti wa Gabir, aje kwa gari kwenye Ijumaa ya Gabir."

"Mguu wake, Haji."

"Umepona. Wewe mwenyewe ulisema, na Mungu akulipe kheri."

"Nilisema umetulia."

"Umetulia, umepona. Mwanangu, hayo ni maneno ya vitabuni."

"Basi liondoe kreti. Ijumaa hii moja tu."

Haji alicheka, si kwa ubaya. "Kreti ndiyo Ijumaa yenyewe. Nikiliondoa, atakuja nani? Wote watabaki vitandani na wake zao."

Bahgat alitazama vile vioo. Alikuwa hajaendesha na kundi lile kwa miaka, kwanza kwa ajili ya bega, kisha kwa ajili ya msimamo. "Nitakuja mimi," alisema. "Rawya atakaa mbele yangu njia nzima. Wa mwisho nitakuwa mimi."

"Wewe? Kwenye kreti?" Haji alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Kapteni, watakula nyama yako."

Siku iliyofuata alimweleza Rawya ufukweni, msichana akiwa bado anachuruzika maji. "Wakianza kukimbia, waache waende. Mimi niko nyuma yako. Usisimame kwenye pedali, hilo tu. Ukisimama, shavu la mguu ndilo linabeba kila kitu."

"Watakusema, Kapteni."

"Waseme."

"Hujui wanavyosema. Wana mdomo kama wauza samaki wa Anfushi."

"Mimi nimelelewa na filimbi, binti. Nimezoea."

Rawya alikamua nywele zake akacheka. "Haya. Wallahi sitasimama."

Ijumaa ilikuja bila upepo. Darajani, taa ndogo nyekundu za baiskeli zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na Bahgat alipotokea na baiskeli yake ya zamani kelele zilimpokea kabla hajashusha mguu.

"Jamani, Kapteni kaja kukagua mapigo ya moyo."

"Kapteni, hiyo baiskeli uliirithi au uliichimbua?"

"Mwacheni, kaandikiwa polepole na daktari. Daktari ni yeye mwenyewe."

Daktari wa meno, mwanafunzi wake wa miaka miwili, alijishughulisha na kamba ya kofia kama hamjui. Rawya alicheka na wenzake, lakini Bahgat aliona ameuma ndani ya shavu.

Hadi Maamura mambo yalikwenda vizuri. Kundi lilipoanza kukaza, Rawya aliliacha liende. Bahgat aliiona shingo yake ikigeuka kidogo, kama ya farasi anayewasikia wenzake, kisha ikatulia. Walibaki wawili barabarani, mashamba ya mitende kulia, taa za magari ya mizigo zikiwapita, na alimsikia anaimba chinichini. Bahgat hakumbuki asubuhi nyingine aliyokuwa na furaha kama ile. Miguu ya Rawya ilikuwa inazunguka sawasawa, kisigino chini, mgongo umelala. Bahgat alikuwa ameuandika mwendo ule kichwani mwake mara nyingi, na sasa aliutazama ukiwa hai.

Waligeuza kwenye kituo cha mafuta. Na njiani kurudi walimkuta Muhandisi Lutfi.

Lutfi alikuwa amesimama kando kujifanya anajaza gurudumu. Alikuwa mtu mwenye kifua kipana na sauti ya redio, aliyewahi kufuata mpango wa Bahgat kwa miezi miwili na kuuacha akisema unamwachia nguvu nyingi. Alipanda baiskeli akajiunga nao.

"Kapteni, hii ndiyo ile ya kuweza kuongea? Mbona huongei?"

"Naongea na wanaosikia."

"Vizuri." Lutfi alisogea hadi usawa wa Rawya. "Na wewe pole, bint Gabir. Baba yako kakupa miguu ya farasi, huyu kaja kaifunga kamba ya mbuzi."

"Mwendo wako mzuri, Muhandisi," alisema Rawya bila kugeuka. "Endelea nao huko mbele."

"Nasema kwa uzuri tu. Wote tunampenda Kapteni. Lakini tuseme ukweli, bahari ilimshinda akiwa kijana. Mtu kama huyo anaogopa kila kitu. Bega bovu ni lake mwenyewe, hofu ndiyo kaamua kuwagawia watu." Akacheka, akamgeukia Bahgat. "Au nakosea, Kapteni? Tunis utampeleka kwa kumkalisha?"

Bahgat alishasemwa kabla, na yale yalikuwa maneno ya Lutfi tu, mtu ambaye baada ya saa moja angemkumbatia na kumpa kipande kikubwa cha fitiri. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kisigino cha kulia cha Rawya. Ndiyo maana aliona mapema. Kisigino kilipanda. Mgongo uliolala uliamka.

"Rawya," alisema. Hakupaza sauti. "Kaa."

Rawya akasimama kwenye pedali.

Lutfi alipiga ukelele wa furaha akamfuata, na dakika chache baadaye wote wawili walikuwa doa moja mbele, kisha hawakuwepo. Bahgat alibaki peke yake na baiskeli yake iliyokuwa inalia mnyororo. Alijaribu kuwafuata. Bega lilikataa kushika usukani alipovuta, na hasira aliyoihisi wakati ule haikuwa ya Lutfi wala ya Rawya. Ilikuwa ile ya siku ya kitabu.

Abu Qir alifika watu wameshakaa. Walikuwa wanasimuliana, wote kwa pamoja, jinsi binti wa Gabir alivyolikamata kundi zima na kulipita, jinsi alivyomwacha Lutfi akitapatapa, jinsi alivyokuwa wa kwanza kugusa mkokoteni na Ami Khalaf akamwaga bakuli. Haji Gabir alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha meza. Mtu alisukuma kreti kwa mguu, likaja hadi mbele ya Bahgat, naye akalikalia, akapewa kisu na beseni la vitunguu.

Wakamla nyama. Walisema anafaa kufundisha kobe. Walisema mipango yake awauzie wajawazito. Daktari wa meno naye, alipoona wengine wamesema na hakuna lililowapata, alisema kwamba yeye hulipia ushauri wa kulala wakati kitanda anacho nyumbani bure, na meza ikacheka hadi sahani zikagongana. Bahgat alimenya. Macho yalimwaga maji, na hilo pia walilicheka. Lakini kati ya kitunguu kimoja na kingine alikuwa anamtazama Rawya, aliyesimama upande wa pili wa mkokoteni na glasi ya chai, mashavu yanawaka. Uzito wote aliuweka mguu wa kushoto. Wa kulia uligusa chini kwa vidole.

"Mguu?" alimuuliza.

"Aliye kwenye kreti hajibu, Kapteni," wakasema wawili watatu.

"Sijibu. Nauliza."

"Mzima," alisema Rawya, akanywa chai yake bila kumtazama.

Jumatatu huko Ismailia ufuko wa ziwa ulikuwa umejaa familia tangu mapambazuko. Mikeka ilifika hadi kwenye kamba za mashindano, mayai ya rangi yalibingirika njiani, na harufu ya fesikh, wale samaki wa chumvi, ilikuwa nzito kiasi kwamba wasichana wawili kutoka Kairo waliomba kusogezwa. Rawya alitoka majini wa kwanza. Kwenye baiskeli hakuna aliyemkaribia. Alipoanza kukimbia, mtu wa kipaza sauti alishaanza kulitaja jina lake pamoja na neno Tunis.

Bahgat alisimama kwenye kona ya duara la pili. Alimwona akija, mabega chini, mdomo umelegea vizuri, na alianza kuuruhusu moyo wake utumaini. Kisha hatua moja ya kulia ikawa fupi. Rawya mwenyewe labda alikuwa hajaisikia. Iliyofuata ikawa nzuri. Iliyofuata tena ikawa fupi, na uso wake ukajifunga kama mlango. Msichana wa Kairo akampita pale pale mbele ya Bahgat. Wa pili akampita karibu na mikeka. Kabla ya mwisho akawa anatembea, mkono kiunoni, watu wakimpigia makofi ya huruma, ambayo hayasikiki kama makofi mengine. Mwingine alimpita hapo, na Rawya alivuka mstari akiwa wa nne.

Bahgat alimkuta amekaa kwenye majani, barafu imefungwa mguuni kwa skafu ya mtu. Mama mmoja wa mkeka wa jirani alikuwa anamnyooshea kitunguu kibichi. "Nusa, binti, nusa, umepauka." Rawya alikipokea kwa adabu, akakishika tu.

"Ulikuwa unauma tangu Ijumaa," alisema Bahgat.

"Tangu pale kwenye chai."

"Hukuniambia."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia."

"Ndiyo," alisema Rawya.

Bahgat alichuchumaa. Alitaka kuongea kwa upole na sauti ikatoka mbaya. "Kwa nini, Rawya? Nilikwambia waseme. Nilikuwa nimeshakubali kusemwa."

"Wewe ulikubali." Msichana alikizungusha kitunguu mkononi. "Mimi sikukubali."

Bahgat alijua mapigo ya moyo wake, usingizi wake, chumvi ya jasho lake. Alikuwa ameweka kwenye mpango kila alichoweza kukipima.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko Jumatatu yenyewe. Haji Gabir alipiga simu kusema hamlaumu, na akalisema hilo mara nyingi mno. Katika kundi la simu la watu wa Ijumaa, hoja ilikamilika kabla ya chakula cha mchana. Lutfi ndiye aliyeiweka vizuri zaidi: Ijumaa, alipokuwa na sisi, aliruka kama swala. Jumatatu kachechemea. Sasa katikati hapo alikuwa mikononi mwa nani? Watu wakaweka vidole gumba chini ya maneno hayo. Mwalimu wa Kifaransa aliandika kwa adabu kubwa kwamba atapumzika na mipango kwa muda.

Bahgat aliandika jibu refu. Alieleza siku kwa siku jinsi msuli unavyochanika, nani alimchokoza nani barabarani, na nani aliapa kutosimama. Alilisoma, akalifuta.

"Waambie," alisema Inas. "Wanakutafuna wewe mzima mzima."

"Nikiwaambia nimemuuza yeye."

"Basi mwambie aseme mwenyewe."

"Msichana wa miaka ishirini na mbili, kapoteza Tunis, nikamwombe anisafishe jina?" Alisukuma simu mbali. "Hawa watu, Inas. Mwili unawapigia kelele, wanasikia kelele za wenzao tu. Hata yeye. Hata yeye, niliyemtazama peke yake."

Alhamisi ulikuja ujumbe wa Rawya. Kesho njoo Abu Qir. Njoo kwa gari.

Alipofika, mkokoteni ulikuwa bado hauna watu isipokuwa Ami Khalaf aliyekuwa anakoroga chungu, na Rawya, aliyekuwa ameketi kwenye kreti. Mguu wake uliofungwa bendeji ulikuwa umenyooshwa mbele, beseni liko mapajani, na alikuwa ameanza kumenya.

"Inuka hapo," alisema Bahgat.

"Kaa kwenye benchi, Kapteni. Umechelewa, hapa pana mtu."

Kundi likaja kwa mbio kama kawaida, wakihema, wakigombania nani aligusa kwanza. Wa mwisho alikuwa daktari wa meno. Alishuka, akavua kofia, akatafuta kreti kwa macho ya mtu aliyejiandaa kwa mabaya, na hakuelewa.

"Rawya, binti yangu, toka," alisema Haji Gabir. "Wewe hukuendesha."

"Nitasema kwanza, kisha nikae kimya, si ndiyo sheria? Ijumaa ile Kapteni aliniambia nisisimame kwenye pedali, nikaapa. Nikasimama. Mguu ukauma, akaniuliza hapahapa mezani, nikamdanganya, na usiku ulipozidi sikumwambia. Jumatatu hakuniangusha mtu. Nilijiangusha mimi, hapo barabarani, kwa sababu Muhandisi alimsema." Alirudi kumenya. "Haya. Nisemeni."

Birika lilikuwa limejaa. Sheria ilikuwa wazi na kila mtu aliruhusiwa. Kwa mara ya kwanza tangu kreti lile liwekwe pale, hakuna aliyepata neno. Lutfi alitazama gurudumu lake la mbele kama limepasuka. Haji Gabir alivuta benchi hadi kando ya binti yake, akachukua kitunguu kutoka kwenye beseni. Hakuwa na kisu. Alikimenya kwa kucha.

"Wallahi, Haji," alisema Bahgat kwa hasira ya miaka mingi, "hili kreti litaua mtu."

"Ful inapoa," alisema Haji.

Wakala. Walizungumza habari za bei ya matairi na za kaka wa Khalaf aliyeko Kuwait. Hakuna aliyemwomba Bahgat radhi, ila sahani ya taamiya, bajia za maharage, za moto iliwekwa mbele yake na mkono usiojitambulisha, na bilingani za kukaanga, na figili zilizopambwa vizuri kuliko za wengine. Alikula kwa ghadhabu. Zilikuwa tamu.

Chai ilipokaribia kwisha Lutfi alikuja kukaa karibu yake. Alikohoa.

"Kapteni. Mgongo wangu huu, tangu baridi, nikiinama haunyooki. Niandikie kitu."

Bahgat alimtazama mpaka mwenzake akageuza macho. "Nitakuandikia."

"Mungu akuweke. Safari hii nitafuata neno kwa neno. Kulala, kula, kila kitu." Lutfi alikata mkate, akauchovya, akautafuna taratibu akitazama barabara ya Rashid. "Ila, Kapteni."

"Ila nini?"

"Hapana. Hakuna kitu."

Alimeza. Alipangusa masharubu.

"Ila Ijumaa."

Kwenye kreti Rawya aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka na hakuruhusiwa kusema. Bahgat alinyoosha mkono wake wa kulia, ule mzima, akachukua kitunguu, akaanza kumenya.